Wasomaji Wauliza: Kuta za Diego Rivera na Taifa la Meksiko

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya ukurasa mzima: ngazi kuu za Jumba la Taifa mjini Mexico City, pamoja na michoro ambayo Diego Rivera alianza kuichora kwenye kuta zake mwaka 1929. Chini ya picha tuliandika sentensi moja tu, kwamba mchoraji huyo "aliwapa Wameksiko sura yao". Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala zote za toleo lile, na baadhi yake zina hasira kidogo. Tumechagua saba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia wa kidato cha tatu. Niliipeleka picha yenu darasani, na wanafunzi wakaniuliza swali lililonishinda: je, Wameksiko hawakuwa na sura kabla ya huyo mchoraji? Naomba mnisaidie kabla ya kipindi cha Jumatatu.
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, wanafunzi wako wametushika pabaya. Wameksiko walikuwa na sura nyingi. Walichokosa ni sura moja ambayo mtu wa kaskazini na mtu wa kusini wangeitazama, na wote wawili wakasema: huyu ni sisi.

Rivera alizaliwa Guanajuato, mji wa machimbo ya fedha, tarehe 8 Desemba 1886, wakati nchi iko mikononi mwa Jenerali Porfirio Díaz. Ukiondoa kipindi kifupi, Díaz alitawala tangu mwaka 1876 hadi 1911, na wakubwa wa zama zake waliifanya Paris kuwa kibla chao. Majumba ya serikali yalijengwa kwa mtindo wa Ulaya, na wanafunzi wa Chuo cha San Carlos, ambako Rivera aliingia akiwa bado mtoto, walifundishwa kunakili sanamu za Kigiriki. Mashujaa wa Waazteki, wenyeji waliotawala kabla ya Wahispania, waliwahi kuchorwa katika karne ya kumi na tisa, ni kweli, lakini walichorwa na miili ya miungu ya Ugiriki. Mchukuzi wa siku hizo, aliyevaa suruali nyeupe ya pamba na makubazi, alikuwa jambo la kufichwa wageni wanapokuja.

Mwaka 1910 yakazuka mapinduzi, yakageuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu takriban miaka kumi. Wakulima wa Emiliano Zapata kule Morelos walitaka ardhi yao iliyomezwa na mashamba ya miwa. Wapanda farasi wa Pancho Villa kule kaskazini walikuwa na madai yao wenyewe. Na vita vilipotulia, waliobaki hawakuaminiana. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakujua kusoma. Rais Álvaro Obregón, aliyeingia madarakani mwaka 1920, alimpa José Vasconcelos kazi ya kuunda Wizara ya Elimu ya Umma, iliyozaliwa mwaka 1921, na Vasconcelos akafanya mambo matatu kwa pamoja: alichapisha vitabu vya bei nafuu, alituma walimu vijijini, na aliwapa wachoraji kuta za serikali.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda. Mtu aliyekuja kuwachorea Wameksiko umeksiko wao alikuwa amekaa Ulaya tangu mwaka 1907, ukiacha safari moja fupi ya kurudi nyumbani, na kule Paris alikuwa amejipatia jina kwa kuchora picha za kubisti, zile zinazovunjavunja umbo vipandevipande. Alirejea mwaka 1921 baada ya kuzunguka Italia akitazama michoro ya kale ya makanisani. Vasconcelos akaona kwamba mgeni huyu wa nyumbani lazima aonyeshwe nchi yake, akamchukua hadi Yucatán kutazama magofu ya Wamaya. Mchoro wake wa kwanza wa ukutani, uitwao *La Creación*, ambao aliuchora mwaka 1922 na 1923 katika shule ya maandalizi ya chuo kikuu, bado una duara za dhahabu vichwani kama picha za watakatifu wa Italia.

Sauti yake aliipata pale wizarani. Kuanzia mwaka 1923 hadi 1928 alichora zaidi ya vipande mia moja katika nyua mbili za jengo hilo, ghorofa tatu. Katika kimojawapo mchimbaji anatoka shimoni, mikono ameinyoosha huku na huku kama aliyesulubiwa, na mkaguzi anampapasa nguo asije akawa ameficha madini. Katika kingine mwalimu wa kike ameketi chini nje ya nyumba, wakubwa kwa wadogo wamemzunguka duara na kitabu kimefunguliwa, na nyuma yao mpanda farasi mwenye bunduki analinda somo lisivurugwe. Karani wa wizara aliyepanda ngazi asubuhi kwenda ofisini aliwapita watu hao kila siku. Kwa hiyo, Mwalimu, waambie vijana kwamba sura zilikuwepo siku zote mitaani na mashambani; Rivera alizihamishia mahali ambapo mkubwa hawezi kwenda kazini bila kuzitazama.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni fundi mwashi, nimepiga lipu ya chokaa katika nyumba za Mji Mkongwe miaka mingi. Mnasema michoro ile imekaa karibu miaka mia moja. Rangi gani hiyo isiyobanduka? Au wanapaka upya kila mwaka na hamtuambii?
*Fundi, Unguja*

Marahaba, fundi. Hakuna anayepaka upya, na siri yake wewe unaijua nusu.

Njia aliyoitumia Rivera sehemu nyingi huitwa fresko. Ukuta hupigwa kwanza lipu ya kukwaruza, tabaka juu ya tabaka, kisha tabaka la mwisho, jembamba na laini, la chokaa iliyochomwa, ikalowekwa majini na kuachwa muda mrefu, na kuchanganywa na unga wa marumaru. Tabaka hilo la mwisho hupigwa kwenye sehemu ya ukuta inayoweza kuchorwa kwa siku moja tu, kwa sababu mchoraji hupaka rangi wakati lipu ingali mbichi. Rangi yenyewe ni unga uliosagwa na maji matupu, bila gundi wala mafuta. Chokaa inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, nayo rangi hufungwa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana haibanduki: haikupakwa juu ya ukuta, imekuwa ukuta. Si kila rangi inayovumilia ukali wa chokaa, na ndiyo sababu utaona udongo mwekundu, udongo wa manjano na weusi wa mkaa ukitawala.

Saa za kazi zilikuwa hizi: waashi walipanda jukwaani usiku wa manane kupiga lipu, mchoraji akafika alfajiri, na kuanzia hapo alishindana na ukuta unaokauka. Akikosea baada ya chokaa kushika, kipande kinachongwa chote na kupigwa upya. Ukisogea karibu na michoro hii mwanga ukiwa wa upande, utaona mishono myembamba mahali kazi ya siku moja ilipokutana na ya siku iliyofuata. Wewe, fundi, utaiona kabla ya profesa yeyote.

Pana kisa kimoja cha wizarani ambacho hakika kitakuchekesha. Mwanzoni Rivera na wasaidizi wake walijaribu kuchanganya utomvu wa nopal, yaani ule mpungate wa Meksiko, wakaamini kwamba wameigundua upya siri ya mafundi wa kale kabla ya Wahispania. Ilikuwa habari tamu kwa taifa lililokuwa likitafuta mizizi yake. Lakini utomvu ni kitu kinachooza, ukaacha madoa ukutani, na Rivera akarudi kimyakimya kwenye njia ya Waitaliano. Binafsi nakipenda kisa hiki kuliko visa vyake vyote, kwa kuwa kinaonyesha mtu anayetaka ya kale kwa nguvu hadi anayabuni, na chokaa inamkatalia.

Wachoraji hawa walijihesabu kuwa mafundi kama wewe. Rivera, David Alfaro Siqueiros, José Clemente Orozco na wenzao walianzisha chama cha wafanyakazi, wakatoa tamko la kuikataa picha ndogo ya fremu inayotundikwa sebuleni kwa tajiri, wakitaka sanaa ya mahali pa wazi ambayo ni mali ya wote.

Picha yenu ilikuwa ndogo mno. Nilichokiona ni msongamano wa watu tu, kama stendi siku ya Idi. Naombeni mnieleze nani ni nani kwenye ngazi hizo, na mtu asiyejua historia yao aanze kutazama wapi.
*Msomaji, Tanga*

Aanzie chini, ndugu yetu, kwa sababu ndivyo mtu anavyoingia. Ngazi za Jumba la Taifa ni pana. Unapanda kundi la kwanza la vidaraja, ukuta mkubwa uko mbele yako, kisha ngazi zinagawanyika kulia na kushoto. Rivera aliuchukua mwendo huo wa miguu akaugeuza kuwa mwendo wa karne.

Usawa wa macho, kwenye ukuta wa kati, pana vita vya mwaka 1521: Wahispania wenye deraya na mizinga wanapambana na wapiganaji wa Kiazteki waliovaa ngozi za chui wa nchi ile na manyoya ya tai. Ukinyanyua macho unakuta utawala wa Wahispania, na makasisi, wengine wakitetea wenyeji na wengine wakichoma watu moto. Juu zaidi ni padri Miguel Hidalgo na vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1810, na kwenye matao matano ya juu kabisa ni karne ya kumi na tisa na mapinduzi: uvamizi wa Marekani wa mwaka 1847, Rais Benito Juárez na sheria zake, kupigwa risasi kwa Maximilian, mfalme aliyeletwa na Wafaransa, mwaka 1867, na Zapata akiwa na bango la ardhi na uhuru. Wamebanana kweli, hapana nafasi hata ya kupenyeza mkono, na msongamano huo ni wa makusudi: hakuna mtu mmoja aliyepewa ukuta peke yake.

Katikati ya vurugu hiyo yote ametulia tai juu ya mpungate. Kila Mmeksiko anamjua tai huyo kutoka kwenye bendera, ambako anamla nyoka. Tai wa Rivera hana nyoka. Mdomoni ameshika alama ya kale ya maji na moto, yaani vita, kama alivyochongwa kwenye jiwe la Waazteki lililokuwa limezikwa katika misingi ya jumba hilohilo na kutolewa mwaka 1926, miaka mitatu kabla Rivera hajaanza kazi pale. Aliinyanyua alama iliyokuwa imekandamizwa na jumba la watawala, akaiweka kwenye kifua cha jumba.

Ukuta wa kulia ni Meksiko kabla ya Wahispania: Quetzalcóatl, mungu wa kale wa nchi ile, ameketi, na kumzunguka watu wanafuma, wanafinyanga, wanachonga, ingawa pembeni wapo pia wanaobebeshwa ushuru na wanaopigana. Ukuta wa kushoto, uliokamilika mwaka 1935, ni Meksiko ya wakati wake na ya kesho kama alivyoitaka yeye, na kileleni yupo Karl Marx na ndevu zake, akinyoosha mkono kuonyesha njia. Huo ndio ukuta dhaifu kuliko yote mitatu, kwa maoni yangu. Mchoraji aliyejua jana kwa undani mkubwa alipofika kesho alichora bango.

Nawe kwa kuwa unaandika kutoka Tanga, mtazame mmoja wa watu walio karibu na Zapata juu ya tao la kati. Ni Felipe Carrillo Puerto, gavana wa Yucatán, aliyepigwa risasi Januari 1924 baada ya kuwatetea Wamaya waliokuwa wakitumikishwa katika mashamba ya henekeni, ndugu wa damu wa mkonge. Mkonge wenyewe ulioijenga Tanga asili yake ni huko huko Meksiko. Richard Hindorf aliufikisha kwenu mwaka 1893. Na ukipanda hadi ghorofani, katika vipande ambavyo Rivera alivichora baadaye, hadi mwaka 1951, utakuta soko la Tlatelolco likiwa na mahindi, maharage, maua na dawa za mitishamba, nyuma yake jiji la Waazteki limeng'aa juu ya ziwa. Pana pia maandishi yanayotaja vitu ambavyo dunia inadaiwa na Meksiko, mahindi na kakao vikiwemo. Sisi tunaokula ugali kila siku tumo katika deni hilo.

Nimesoma kwamba serikali ndiyo iliyolipia kuta zote hizi. Basi si ilikuwa propaganda tu? Na je, wale wenyeji wa asili waliochorwa vizuri hivyo, maisha yao yalibadilika?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Eldoret*

Swali lako la kwanza linajibika kwa tarehe. Mwaka 1929 Rivera alianza kuchora ngazi za Jumba la Taifa. Mwaka huohuo wababe wa mapinduzi waliobaki hai walianzisha chama kimoja cha kuwakusanya wote, chama ambacho kwa majina tofauti kiliitawala Meksiko mfululizo hadi mwaka 2000. Na mwaka huohuo Chama cha Kikomunisti kilimfukuza Rivera, mojawapo ya makosa yake likiwa ni kula sahani moja na serikali. Sidhani kama kuna haja ya kutafuta ushahidi zaidi kwamba kuta hizo zilikuwa na faida kwa wakubwa.

Mtazame Zapata. Aliuawa Aprili 1919 kwa hila, akialikwa mahali kama rafiki na kupokewa kwa risasi za askari wa serikali ya Venustiano Carranza. Kwenye ngazi za Rivera, Zapata na Carranza wako ukuta mmoja, wote wawili mababa wa taifa. Chama kilichorithi dola ya waliomuua Zapata kikawa kinakula yamini kwa jina la Zapata. Picha za ukutani zilisaidia sana katika upatanisho huo wa marehemu, kwa sababu ukutani hakuna anayemgeukia mwenzake na kumuuliza.

Hata hivyo neno "tu" katika swali lako silikubali. Propaganda ya kawaida humsifu anayelipa, lakini Rivera aliwachora matajiri wakila dhahabu mezani, tena ndani ya wizara ya serikali. Vasconcelos mwenyewe, mtu aliyempa kazi, alipogombana na serikali na kuondoka, alichorwa humo kwa dhihaka, amempa mtazamaji mgongo. Kule Chapingo, ambako shamba la bwana mkubwa liligeuzwa chuo cha kilimo, aliandika kwamba hapo hufundishwa kuinyonya ardhi na si kumnyonya mtu. Serikali ilinunua ukuta, ikaletewa na lawama zake humohumo.

Ama swali la pili, jibu lake ni chungu. Wizara ileile iliyomtukuza mwenyeji wa asili ukutani ilipeleka walimu vijijini kumfundisha Kihispania na kumwachisha lugha yake. Fikra iliyotawala, ambayo Vasconcelos aliipigia debe kwa nguvu zote, ilikuwa kwamba Mmeksiko halisi ni chotara, mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji. Kwa hiyo mwenyeji alisifiwa kama babu, na kutakiwa atoweke kama jirani. Ukizitazama kuta za Rivera kwa jicho hilo, utaona kwamba watu wake wa kabla ya Wahispania ni mafundi, waganga na wanajimu, ilhali wenyeji wa siku zake mara nyingi wameinama chini ya mzigo na nyuso zao zinafanana. Katiba haikutamka kwamba taifa ni la tamaduni nyingi hadi mwaka 1992. Januari 1994 wenyeji wa Chiapas, jimbo la kusini, walishika silaha, nao wakajiita kwa jina la Zapata, wakimdai kutoka ukutani. Sheria ya kuzitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa, ambazo kwa hesabu rasmi ni 68, ilikuja mwaka 2003.

Na kuna waliosahaulika zaidi. Hadithi ya uchotara ilihesabu damu mbili, ilhali Wahispania walipeleka Meksiko maelfu kwa maelfu ya Waafrika watumwa. José María Morelos na Vicente Guerrero, mashujaa wawili wa uhuru waliokuwa na damu ya Kiafrika, wamo kwenye ngazi za Rivera, tena Guerrero ndiye rais aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829, lakini wamo kama mashujaa wa uhuru, si kama watoto wa Afrika. Katiba iliwataja Wameksiko wenye asili ya Afrika mwaka 2019, na sensa ya mwaka 2020 ikawahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu.

Wenzake Rivera waliliona tatizo mapema. Orozco aliyachora mapinduzi kama maafa, wanajeshi wasioonyesha nyuso wakianguka mmoja juu ya mwingine, wala hakumwamini mtu yeyote anayebeba bango. Siku ukipata nafasi, uziweke picha zake kando ya za Rivera; taifa lilihitaji ugomvi wa hao wawili kuliko lilivyomhitaji mmoja wao. Kufikia miaka ya 1950 vijana walikuwa wamechoka, na mchoraji José Luis Cuevas mwaka 1958 aliandika dhidi ya kile alichokiita pazia la nopal, akimaanisha kwamba uzalendo wa ukutani umekuwa uzio wa miiba unaowazuia wengine kutazama nje.

Huyu si ndiye mume wa Frida Kahlo? Mbona hamkumtaja?
*Msomaji, Nairobi*

Ndiye, dada. Walioana mwaka 1929, wakaachana mwaka 1939, wakarudiana mwaka 1940. Kwenye ukuta wa kushoto wa ngazi utamwona Frida na mdogo wake Cristina, wanafundisha watoto. Mwaka 2010 Meksiko ilitoa noti ya peso 500, Diego upande huu na Frida upande wa pili, nayo ilidumu hadi ilipotolewa nyingine yenye sura ya Juárez mwaka 2018. Leo duniani kote ni Frida, mchoraji pia, anayejulikana zaidi, na safu nzima juu yake itafuata, tukijaliwa.

Je, ni kweli kwamba Wamarekani waliubomoa mchoro wake? Na jambo hilo linahusianaje na utaifa wa Meksiko?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ni kweli. Mwaka 1933 alikuwa akichora katika jengo la Rockefeller Center mjini New York, akamtia Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi, katika picha. Nelson Rockefeller, wa familia ya matajiri wenye jengo hilo, alimwomba aibadilishe sura hiyo, Rivera akakataa, akajitolea kumwongeza Abraham Lincoln upande mwingine badala yake. Mwezi Mei alilipwa fedha zake zote akasimamishwa kazi, na Februari 1934 ukuta ukavunjwa kwa nyundo. Mwaka huohuo serikali ya Meksiko ilimpa ukuta katika Jumba la Sanaa, Bellas Artes, akauchora mchoro uleule kwa umbo dogo zaidi, akamwongeza na baba yake Nelson ameshika glasi ya kinywaji. Wameksiko ambao hawakuwa na habari na Lenin walifurahi kuona kwamba kilichokataliwa na tajiri wa kaskazini kimepata mahali nyumbani. Utaifa hulishwa na mambo kama hayo, pengine kuliko unavyolishwa na hotuba.

Mzee, ni mimi tena fundi wa Unguja, nimewahi kutuma barua mbili. Nimesikia aliandika ukutani kwamba Mungu hayupo. Tena nauliza: jengo lenye fresko likipasuka, mchoro unaokolewa vipi, maana umesema umekuwa ukuta?
*Fundi, Unguja*

Barua zako zote mbili zimefika, fundi, na maswali yako mawili yanajibiwa na mchoro mmoja. Mwaka 1947 Rivera alichora kwenye ukumbi wa Hotel del Prado, mjini Mexico City, picha yenye urefu wa kama mita 15, ya ndoto ya alasiri ya Jumapili katika bustani ya Alameda. Wakubwa na wadogo wa miaka mia nne wanapunga upepo pamoja. Katikati amesimama kiunzi cha mifupa kilichovaa kofia ya bibi wa kitajiri, kimeshikana mkono na mtoto mnene mwenye chura mfukoni. Mtoto huyo ni Diego mwenyewe. Mmoja wa watu hao, mwanafikra Ignacio Ramírez wa karne ya kumi na tisa, alichorwa ameshika karatasi yenye maneno aliyowahi kuyatamka: Mungu hayupo. Askofu mkuu alikataa kuibariki hoteli, vijana wakaingia wakaukwaruza ukuta, na mchoro ukafunikwa kwa miaka. Mwaka 1956, akiwa mgonjwa na miezi kama 19 kabla ya kufa, Rivera alipanda akayafuta maneno hayo mwenyewe, akaweka mahali pake jina la mkutano ambao Ramírez aliyatamkia, na mwaka wake, 1836. Kisha akawaambia watu kwamba yeye ni Mkatoliki. Chama cha Kikomunisti, ambacho kufikia hapo kilikuwa kimemrudisha kundini, hakikupendezwa. Watu wa kawaida waliendelea kusherehekea Sikukuu ya Wafu kwa yule bibi wa mifupa, ambaye Rivera alimrithi kutoka kwa mchapaji José Guadalupe Posada, akamvalisha mwili mzima, na leo hakuna sura inayotambulika kuwa ya Meksiko kuliko yake.

Mwezi Septemba 1985 tetemeko kubwa liliipasua hoteli hiyo, lakini mchoro ukasalimika. Wahandisi walifanya ambacho wewe ungekifanya kama ungekuwa na vyuma vya kutosha: hawakujaribu kuibandua rangi kwenye lipu, waliufunga ukuta wote kwa fremu ya chuma, wakaukata kutoka kwenye jengo, wakauvusha barabara ukiwa mzima. Waliutua kando ya bustani ileile iliyochorwa ndani yake, mahali palipokuwa maegesho ya magari ya hoteli nyingine iliyoporomoka. Ukuta ulikaa pale kwanza. Jumba la makumbusho lilijengwa baadaye, kuuzunguka.